Kigulube Imeingia Kwenye Menyu

Alhamisi, Kamembe. Mvua tangu asubuhi, Bukavu ng'ambo ya mpaka haionekani kabisa. Moyo wangu hautulii.

Ofisini kwetu tunatafuta watu waliopotezana na jamaa zao wakati wa vita vya Kongo. Mimi ndiye niliyetengeneza programu ya daftari letu. Juu ya dirisha kuna menyu iitwayo Mahali. Ukiibonyeza, inashuka orodha ya sehemu ambako watu wameonekana. Kasoro yake, orodha ilikuwa ikijengwa mara moja tu, programu inapowashwa. Maman Furaha, anayepokea majina, akiingiza sehemu mpya, ilikuwa haionekani mpaka afunge kila kitu na kuanza upya. Wiki nzima nimekuwa nikiirekebisha ili menyu isome daftari kila inapobonyezwa.

Jana kila sehemu ilitokea mara mbili. Nilikuwa nimesahau kufuta orodha ya zamani kabla ya kupanga mpya. Tulicheka.

Leo imekubali. Maman Furaha aliandika sehemu mpya, nikabonyeza, na chini ya Bunyakiri ikatokea: Kigulube.



Kigulube ndiko mdogo wangu Dezire alikoonekana mara ya mwisho, akiwa na miaka kumi na minne. Tulikuwa tunakimbia kutoka Walungu. Kwenye njia panda watu walisukumana. Mimi na Mama tukaja upande wa mpaka, yeye akazolewa na kundi lililoelekea msituni. Baadaye mwanamke mmoja alituambia alimwona Kigulube, amebeba mtoto wa watu mgongoni. Basi.

Nilifungua majina yaliyoandikwa chini ya Kigulube. Mtu mmoja tu: bibi kizee anayetafuta wanawe. Nilisoma mara tatu.

"Unalia juu ya nini, dada?" Maman Furaha aliuliza. Nikamweleza.

"Na jina ya ndugu yako haiko mu daftari?"

"Hapana."

"Myaka ine unatumika kazi hapa! Unatafutiaka bantu yote ndugu yao, ya kwako unaacha?"

Mama alikataa nimwandike. Anaishi Mururu, na kila nikimgusia husema: "Ukimwandika watamtafuta. Wakimkosa, utaniletea habari gani?" Nami nilijificha nyuma ya maneno hayo.

Ukweli ni mwingine. Kwenye ile njia panda nilikuwa nimemshika Dezire mkono. Nilimwachia ili niweke mzigo vizuri kichwani.

Mama hajui.

Maman Furaha alivuta kiti, akaweka vidole kwenye kibodi. "Tuandike." Nikataja jina, la baba, la mama. Alama: kovu kwenye unyusi wa kushoto. Nikaongeza kwamba hucheka kabla hajamaliza utani wake mwenyewe. Hakuna nafasi ya mambo hayo kwenye fomu, lakini aliyaandika.

"Myaka?"

"Kumi na minne."

Aligeuza kiti kunielekea. "Ile ilikuwa wakati ule, dada. Sasa?"

Ilibidi nihesabu kwa vidole. Ishirini na mitatu.

Jumamosi nitapanda Mururu nimwambie Mama yote mawili, la jina na la mkono. Akinifukuza, nitakaa nje mpaka anifungulie.

Tangu nirudi nyumbani najaribu kumsikia Dezire akiniita kwa sauti ya mwanaume mzima. Inayokuja ni ile ya mtoto tu.