Ndoo Iliyomtangulia Bwana Afya

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Nakuulizia goti kabla ya mengine yote, maana najua ukishaanza kusoma hutakuwa na nafasi ya kujibu. Linakunjika? Unaweza kuinama ukafunga kamba za viatu mwenyewe, au bado Mama anakufungia huku akikukumbusha umri wako? Mimi ni mzima, nakula vizuri, nalala kiasi, na ile sauti niliyoipoteza kwa mafua imerudi yote. Majirani zangu ni mashahidi.

Nimeamua kuandika badala ya kupiga simu kwa sababu tabia yako unaijua. Unasema haya haya, salama salama, halafu unampa Mama simu kama mtu aliyeshika kaa la moto. Habari niliyo nayo haiwezi kupita kwenye haya haya. Inahusu makala yetu ya utafiti, na inahusu kazi uliyoifanya maisha yako yote, kwa hiyo kaa vizuri. Nimemwomba Mama akupe bahasha hii ukiwa umeshiba.

Kwanza lililo jema: makala imekubaliwa. Lile jarida la afya ya jamii tulilokuwa tukiliota limetuandikia kwamba litaichapisha. Mkuu wetu wa kitengo, yule mama asiyecheka mpaka watu wafunge ofisi, alicheka kabla hata ya chai ya asubuhi. Mtakwimu wetu, tunayemwita Desimali kwa sababu hata ukimuuliza ana watoto wangapi anataka kukupa wastani, alizunguka meza akiipiga kama ngoma. Na mimi nililia kidogo chooni, nikanawa uso, nikarudi kama hakuna kitu.

Unakumbuka nilivyokusumbua kwa maswali kuhusu duara jeupe. Ulinieleza kwa fahari jinsi ulivyolianzisha ulipokuwa kijana: Bwana Afya anapita nyumba kwa nyumba, na akikuta ndoo ya koki karibu na choo, ina maji, na sabuni ipo, anapaka duara la chokaa ukutani kando ya mlango. Vijana waliokurithi kazi bado wanapaka mpaka leo. Sisi tulitaka kujua jambo moja tu. Je, watoto wa nyumba zenye duara wanaugua kuhara mara chache kuliko watoto wa nyumba zisizo nalo? Wewe swali hilo ulishalijibu kabla hatujaanza. Najua umewatangazia wastaafu wenzako wote, na kinyozi wako, kwamba binti yako anakwenda kukuandika kwenye jarida. Niliogopa nisije nikakupeleka kwenye jarida ukaaibika, Baba.

Nyumba yetu iliondolewa kwenye utafiti kwa sababu ya undugu, na huo ndio utaratibu. Kwingine kote wahojaji walipita, na kwa adabu njema waliwapa wenye nyumba taarifa siku moja kabla, kama mlivyokuwa mkifanya ninyi. Waliuliza maswali yao, wakapiga picha ya kila ndoo. Majibu yalipokuja, nyumba tisa katika kila kumi zilikuwa na ndoo, maji na sabuni. Uzuri ulioje! Ila watoto walikuwa wanaugua vile vile, duara liwepo lisiwepo.

Desimali alikokotoa tena na tena mpaka akaanza kuionea wasiwasi kompyuta yake. Mkuu alishuku visima. Mimi nilishuku nzi, nikaandika juu ya nzi hao kurasa mbili tamu ambazo hata sasa naona ziliandikwa vizuri. Tukajikaza kisabuni tukaikamilisha makala. Tulipunguza muhtasari mpaka ukaingia kwenye idadi ya maneno wanayoitaka, kazi inayofanana na kumvalisha mtu mzima shati la mtoto. Tulipanga marejeo kwa mtindo wa jarida, ambalo lina maoni makali kuhusu wapi pakae mkato na wapi pakae nukta. Ikabaki kuchagua picha moja ya kuonyesha wasomaji ndoo ya koki ni kitu gani.

Tulizimwaga picha zote juu ya meza ya mikutano. Desimali alitaka yenye mwanga mzuri, Mkuu alitaka ile ambayo sabuni inaonekana. Mimi nikasema ninaipenda ndoo ya bluu iliyofungwa kitambaa chekundu kwenye mpini. Mkuu akaniuliza ipi, maana mbele yake ziko nyingi. Desimali akasema huenda duka moja huziuza hivyo, pamoja na kitambaa. Basi tukainamisha vichwa. Ufa wa kwenye mfuniko ulikuwa ule ule. Tone la rangi chini ya koki lilikuwa lile lile. Mlango baada ya mlango, choo baada ya choo, ndoo ilikuwa moja, imepigwa picha kama mtu maarufu. Macho yalitutoka pima. Desimali alifunga kompyuta taratibu, akauliza kama kuna mtu amebakiza chai.

Kwa sauti ya chini alikumbusha kwamba jarida halilazimishi picha. Mkuu akamjibu kwamba anayetaka kuhesabu ndoo moja mara mia aiandike makala hiyo kwa jina lake peke yake, na asisahau kuweka namba ya simu. Kesho yake alinichukua, tukaenda kubisha hodi bila taarifa.

Mama wa nyumba ya kwanza alipoona tunaulizia ndoo ya bluu alicheka mpaka akashika fremu ya mlango. Akatuambia kwamba ndoo ile ina jina. Wanaiita Bibi Harusi, kwa sababu husuguliwa, hupambwa na kusindikizwa. Taarifa ya ukaguzi ikifika mtaani, Bibi Harusi anatolewa. Mkaguzi akiingia kwa mlango wa mbele wa nyumba hii, ndoo inapitishwa juu ya ukuta wa nyuma kwenda nyumba ya pili, maji yakiwa ndani, sabuni mfukoni mwa anayeibeba. Alituambia hawajawahi kuchelewa, isipokuwa siku moja ambapo mkaguzi alikataa kuketi. Nikamuuliza utaratibu huo ulianza lini. Akasema tangu enzi za Bwana Afya wa kwanza, yule mrefu waliyemwita Kofia, kwa kofia yake ya majani.

Nilitazama viatu vyangu. Mkuu anajua mimi ni mtoto wa nani, akanishika kiwiko.

Tulirudi kwenye kamati ya maadili kuomba ruhusa upya, tukafanya kazi yote tena, safari hii bila kutangaza. Ukweli ndio huu, nakuandikia bila kuupaka sukari. Duara halikuwakinga watoto. Nyumba nyingi zenye duara hazina ndoo. Lakini zile chache ambazo ndoo ni ya kwao, inaishi pale, imekwaruzika kwa kutumiwa, watoto wa humo wanaugua kama nusu tu ya wenzao. Kwa hiyo ulichofundisha ni kweli. Tulichokuwa tukihesabu ndicho kilichokuwa cha kuazima. Hivyo ndivyo tulivyoandika, nzi wangu wote wakafutwa, na picha ya Bibi Harusi ikabaki.

Kuiwasilisha kulikuwa sinema nyingine. Siku hizi makala haiendi kwa posta, unaipandisha kwenye mtandao wa jarida, na mtandao ule unakuhoji kuliko mkwe mtarajiwa. Unataka kujua nani alibuni, nani alikusanya, nani alikokotoa. Mara mbili ulinitoa nje nikiwa ukurasa wa mwisho. Kisha ukauliza kama mwandishi yeyote ana maslahi binafsi katika jambo hili. Nikapiga moyo konde nikaandika kwamba mwanzilishi wa mpango unaochunguzwa ni baba yangu mzazi. Nikafikiri kidogo, nikaongeza sentensi ya pili, ambayo nitakuambia sasa hivi. Wahakiki walituchambua, mmoja kwa upole, mwenzake kama aliyeamkia upande mbaya, tukawajibu, na mhariri akasema ndiyo.

Sasa ile sentensi ya pili. Niliandika: ndoo inayoonekana kwenye picha ni mali ya mama yangu.

Pumua, Baba. Kile kitambaa chekundu ni pazia letu la sebuleni, lile lililoungua na pasi. Nililitambua palepale mezani. Nyumba yetu iliondolewa kwenye utafiti, lakini ndoo yetu haikuondolewa. Nilimpigia Mama usiku wa siku ile ya kubisha hodi, akaniambia nimeze mate nisikilize. Alisema mwaka wako wa kwanza kazini jirani alikuja akilia kwamba Bwana Afya anakuja na yeye hana ndoo, Mama akamwazima yake. Jioni ukarudi unapiga mluzi, ukamwambia watu wanaelewa, watu wanabadilika, ukala sahani mbili. Alisema hakuwa na roho ya kuuzima ule mluzi. Wiki iliyofuata majirani wakawa wawili. Bibi Harusi wa sasa ni wa tatu, wa kwanza alipasuka na wa pili aliibiwa. Mama anaomba radhi. Anasema alitaka kukuambia kila mwaka, na kila mwaka ulirudi unapiga mluzi.

Ningeishia hapo kama lisingekuwepo jambo jingine, na hili ndilo linalonikosesha raha, kwa uzuri lakini. Tuliporudi mara ya pili, tuliwauliza akina mama wenye ndoo zao wenyewe kwa nini walizinunua. Tulitegemea waseme redio, au kliniki. Wengi wao, na hawaishi mtaa mmoja, walitupa kisa kinachofanana. Bwana Afya alikuja, akaikuta ndoo, akasifu, akapaka duara, akaenda. Baadaye kidogo akarudi, amesahau mwavuli. Au kalamu. Au miwani. Kwa mmoja alisahau brashi yenyewe ya chokaa. Akaingia uani kuichukua, na ndoo haikuwepo tena. Hakuuliza ilipo. Aliomba maji ya kunywa, akashukuru, akaaga kwa heshima zote. Mmoja alituambia kwamba baada ya hapo kila alipopita mlangoni duara lilikuwa linamtazama, akaona bora ajinyime akanunue ndoo yake. Mwingine alisema angetukanwa ingekuwa nafuu. Huko, Baba, hawakuiti Kofia. Wanakuita Bwana Nimesahau.

Mkuu aliposikia, aliiandika kwenye makala kama ziara ya pili isiyotangazwa, akapendekeza wakaguzi wote wafundishwe kuifanya. Mhariri ameipenda kuliko majedwali yote ya Desimali. Ameniomba nikuulize kama utakubali kuandika maoni yako, ukurasa mmoja au miwili, yachapwe ubavuni mwa makala yetu. Andika kwa ukali wowote unaotaka. Sikuombi ruhusa ya kuichapisha, na hata ukinuna sitaifuta, maana ni wewe uliyenilea hivyo. Nakuomba uijibu.

Ila kuna mahali pamoja nimekwama, na mhariri ananisubiri. Tumeandika kwamba ziara hizo za kurudi zilitokea kwa bahati, kwa sababu ya usahaulifu wa mkaguzi. Nilimsomea Mama sentensi hiyo kwenye simu. Akaniambia, polepole, kwamba katika ndoa yenu yote hujawahi kusahau mahali popote hata njiti ya kiberiti. Kwamba mwavuli ule ulikaa nao mpaka ukabaki mbavu tupu. Kwamba funguo akizipoteza yeye, wewe ndiye unayejua zilipo. Akaniuliza ni mtu gani huyo aliyekuwa anasahau kwa watu tu. Akasema basi ulijua miaka yote, na ule mluzi ulikuwa unampigia yeye asijue kwamba unajua.

Kwa hiyo Baba, Mama amekaa chumba cha pili sasa hivi, mlango uko wazi, na usijifanye hujamwona. Mwite kwanza, mmalize yenu. Vibali vyote vya kucheka mmepata.

Nisalimie Shangazi na mgongo wake, na fundi cherehani wa jirani, mwambie sketi yangu naihitaji kabla sijanenepa tena. Wadogo zangu waambie vitabu vyao nimevipata, nitavituma na mtu wa kuaminika. Mama mpe mkono, na umwachie.

Na mimi niandikie, hata kwenye kipande cha karatasi, hata kwa haya haya zako: niache pale palipoandikwa kwa bahati, au nifute niandike kwa makusudi?

Ni mimi binti yako akupendaye,
Kiherehere