Mama Ameanza Kunisikia

Baba,

Mama hajambo. Magoti yanamsumbua kidogo, lakini mchicha bado anaulima mwenyewe.

Tulipokuzika, sote tulijua masikio yake ni mazito. Hatukujua kwamba uliyekuwa unasikika vizuri kwake ni wewe peke yako. Kanisani ulikuwaga unamwinamia na kumrudishia maneno ya mchungaji. Tukadhani ni mapenzi tu ya wazee. Ulipoondoka, akabaki anatabasamu kwa kila neno. Ukimuuliza kama amekula, anajibu, "Asante, mwanangu." Majirani wakapunguza kumsemesha. Akaanza kuingia kulala jua likiwa bado lipo. Niliogopa, Baba. Niliona anatutoka taratibu akiwa mzima.

Mimi niliishi Bunda miaka mingi, sauti yangu aliisikia siku za sikukuu tu. Niliporudi hapa Kamunyonge kukaa naye, nikapaza sauti kama wengine. Akaniambia, "Nyangeta, mimi siyo ng'ombe. Usinifokee."

Ndipo nikakumbuka kwamba wewe hukuwahi kupaza. Ulikuwa unakaa kwenye kigoda karibu na jiko, unasimulia tu: nani kaoa kule Butiama, sato wameadimika ziwani, Suguti mvua imewanyima. Yeye amekupa mgongo, anasonga ugali, na anakujibu. Nikakaa kwenye kigoda hicho. Kila jioni nikawa nasimulia kwa sauti yangu ya kawaida, hata habari zisizo na maana. Mwanzoni alinitazama mdomo mpaka akachoka. "Basi, niache," anasema. Namwacha. Kesho yake naanza tena.

Wiki iliyopita mvua ilikuwa inapiga bati, yeye anageuza samaki. Nikanung'unika peke yangu kwamba furu wa leo wataungua. Bila kugeuka akasema, "Kama huwataki, wape paka."

Baba, nilicheka mpaka nikalia. Akageuka kuniuliza nina nini. Nikamwambia, na akaelewa.

Jioni ile tuliongea sana, mengi yalikuwa habari zako. Nikamwambia sauti yako imeanza kunipotea, kwamba nikijaribu kuikumbuka inakuja nusu tu. Akasema, "Mimi ninayo."

Nakuaga kwa neno hilo, mzee wangu. Pumzika. Nitaendelea kumsemesha, polepole, hata siku ambazo sina la kusema.

Binti yako,
Nyangeta