Tembo Wameingia Kwangu Tu

3 Machi

Mwanangu,

Hujambo, na mafua yamekuachia? Mimi mzima, magoti tu ndiyo yana ukaidi wao.

Nimechanganyikiwa. Juzi asubuhi tembo wameingia shambani, wamekula nusu ya mahindi. Kwangu tu. Kwa fundi cherehani hawakugusa, kwa mwalimu mstaafu hawakugusa, na kamba mlizotufungia ninyi watu wa wanyamapori ni zile zile. Aliyetangulia ni jike mwenye sikio lililochanika. Nimemkosea nini? Yaliyobaki ndiyo chakula changu hadi mwakani.

Mama yako

9 Machi

Shikamoo mama,

Mafua yameniachia. Pole sana. Barua yako nimeisoma mara tatu na bado sielewi. Kamba hizo zimezuia tembo kwenye mashamba arobaini. Bosi wangu anasema huyo jike ameshazoea, atawafundisha na wenzake, kwa hiyo apigwe risasi. Fomu iko mezani kwangu, inangoja sahihi yangu mwisho tarehe 19. Nikisaini roho itaniuma. Nisiposaini ukalala njaa, nitakuangalia kwa jicho gani? Mama, kuna chochote kilichobadilika hapo? Jibu upesi, maana huko kwako simu haishiki.

Binti yako

15 Machi

Mwanangu,

Salama hapa, sijui huko. Hakuna kilichobadilika. Si ulisema utakuja na wageni wa ofisini kuliona shamba? Nikafagia uwanja, nikapaka ukuta chokaa. Hata kamba zenu nilizishusha nikazifua, maana zilikuwa nyeusi tii, zinanuka, zinakereketa koo, nilikohoa siku nzima. Nilimaliza vipande viwili vya sabuni. Zikatoka nyeupe pee, nikazifunga palepale. Wageni hawakuja, wakaja tembo. Kila nikifikiri nazidi kupotea. Mwenye shamba safi ndiye anayeonewa?

Mama yako

22 Machi

Shikamoo mama,

Barua yako imefika leo. Niliisubiri hadi jioni ya tarehe 19, nikasaini.

Ule weusi ndio ulikuwa uzio, mama. Ni pilipili na oili chafu, tembo hawaivumilii harufu yake. Kamba peke yake ni kamba tu. Tulikuja, tukafunga, tukaondoka, hakuna aliyekueleza, na mimi uliyenizaa sikukueleza. Sijui nilidhani utajuaje. Hukukosea kitu, kosa ni langu. Nimeomba fomu irudishwe, naambiwa askari wameshaondoka nayo, na simu zao hazipatikani. Dereva anakuletea ndoo ya dawa. Askari wakifika, wazuie.

Binti yako

30 Machi

Mwanangu,

Natumaini unakula. Mimi sina hamu.

Askari walifika kabla ya barua yako. Jike ameanguka kwa risasi msituni, siku hiyo hata shambani hakuwa amekanyaga. Majirani wanapita kunipongeza, nami natazama chini.

Nilizipaka kamba ile dawa ulivyoagiza. Kumbe alikuwa na ndama, kwenye mahindi sikumwona. Leo siku ya tatu ndama huyo amesimama ng'ambo ya kamba, ananusa, anarudi nyuma, anasimama tena. Haingii, haondoki. Jana nilizishusha ili apite, nikakumbuka njaa, nikazipandisha. Leo asubuhi nimezishusha tena. Fundi cherehani anauliza kama nimerukwa na akili.

Wewe ndiye uliyesomea wanyama. Njoo uniambie nimfukuze au nimlishe.

Mama yako