Nguvu Isiyopimika

Jumatatu, 15 Septemba
Nimesahihisha madaftari ya kidato cha tatu. Nguvu ya uvutano. Nusu ya darasa hawajaelewa. Nimefika nyumbani Chamazi saa kumi na moja. Kidonda cha Mama kwenye kidole cha mguu bado kibichi. Nimempima sukari, iko juu. Nikaandika namba, nikala. Dada yangu Zuhura amekuja kutoka Manzese. Anasema kuna mtaalamu anayetibu kwa nguvu ya ulimwengu. Dawa hatumii.

Jumatano, 17 Septemba
Mtaalamu alikuja nikiwa kazini. Aliushika mguu wa Mama nusu saa, macho kafumba. Amesema nguvu hiyo imejaa kila mahali, kuanzia kwenye nyota hadi kwenye damu ya mtu, na sindano za sukari zinaiziba njia. Mama hajachoma sindano tangu asubuhi. Nilimfokea Zuhura. Akanijibu, "Kaka, si wewe mwenyewe unawafundisha watoto wa watu kwamba kuna nguvu hazionekani?" Imeniuma kuliko nilivyotegemea.

Alhamisi, 18 Septemba
Jibu la Zuhura nimelipata kipindi cha pili. Chaki ukiiachia inaanguka, uamini usiamini. Nguvu ya huyu bwana inataka uiamini kwanza. Nimewahi kurudi kumwambia Mama. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akasema, "Mwanangu, wewe unanitoboa kidole, unaandika namba, unaondoka. Yule alinishika."
Sindano amekataa. Nilikuwa sahihi na haikusaidia kitu.

Jumapili, 21 Septemba
Homa. Mguu umevimba, unanuka. Mama anaongea na marehemu baba. Zuhura alimpigia mtaalamu mbele yangu. Kasema mgonjwa ana shaka moyoni, ndiyo maana haponi. Akakata simu. Zuhura akakaa sakafuni. Nikaita bajaji. Mama tukambeba wawili hadi hospitali.

Jumatatu, 22 Septemba
Daktari anasema vidole viwili vikatwe leo. Tukichelewa, ni mguu mzima. Mama fahamu zimemrudia. Hataki kusaini. Maelezo nilikuwa nayo tayari, ya damu na vijidudu. Sikuyatoa. Niliushika ule mguu, na harufu yake. Nilikaa hivyo, sijui muda gani. Saa sikuitazama. Mwishowe akasema, "Haya, leteni hiyo karatasi."

Jumatano, 24 Septemba
Vidole vimekatwa. Homa imeshuka. Sindano anachoma bila ubishi. Mtaalamu hapokei simu.
Nimelifikiria tena swali la Zuhura. Wataalamu wa anga wenyewe wanakiri kwamba sehemu kubwa ya vilivyomo ulimwenguni haionekani. Ni nini, hawajui. Mie pia sijui. Juzi kuna kitu kilimfanya Mama akubali, na hayakuwa maneno yangu. Kama ni nguvu, sina kipimo chake. Naogopa kuipa jina, maana yule bwana aliipa jina, na Mama amebaki na vidole vitatu.

Jumamosi, 27 Septemba
Mama yuko nyumbani. Zuhura atakaa nasi wiki mbili. Asubuhi tumefua shuka pamoja uani, hatukuongea sana. Akaniuliza, "Kwa hiyo, kaka, ile nguvu, hamna kitu?" Nikamwambia sijui. Akaitikia kwa kichwa, akanipa ncha moja ya shuka. Tukaikamua, yeye huku, mimi kule, hadi maji yakaisha. Jua lilikuwa kali. Shuka zote zilikauka kabla ya adhuhuri.