Paa Nililokata na Mlango Usiokaa

Mshauri wangu, nakuandikia kwa sababu mke wangu hanisikii tena, Marbelis amemchukua binti yetu Dayrelis wa miaka sita akahamia kwa mama yake huko Regla, ng'ambo ya bandari, na chanzo ni mlango wa gari, tena wa nyuma tu, maana hili Chevrolet la babu la mwaka hamsini na mbili nililikata paa kwa msumeno ili liwe la wazi, unajua wageni hapa Havana wanataka upepo na picha, nikalipaka rangi ya waridi likapendeza kweli, lakini tangu hapo milango imekuwa na kiburi, wa mbele haufunguki na wa nyuma haukai, nimebadilisha kitasa mpaka nikaweka cha friji, mwisho nikaufunga kwa kamba ya pazia, na Jumapili tukikata kona ya Malecón, barabara ya ufukweni, kamba ikaachia, mtoto akateleza nusu nje, mama yake akamdaka kwa gauni likachanika, lakini hakuumia hata kidogo, sasa Marbelis anasema, "Mwanangu si mkungu wa ndizi wa kufungwa kamba," na majirani nikipita wananiuliza, "Kinyozi, leo unanyoa lipi?", nami nimeshamwahidi Dayrelis kumzungusha mjini siku yake ya kuzaliwa, naomba umweleze mke wangu kwamba ni kitasa tu, nitapata kingine.

Eliecer, Cerro

Eliecer kaka yangu,

Barua yako nimeisoma na mtoto wangu mchanga mapajani, na nilipofika kwenye lile gauni nilimkumbatia zaidi. Hilo neno lako la "hakuumia hata kidogo" lifute kabla hujakutana na Marbelis.

Kitasa hakina kosa. Paa ndilo lililoshika mbele na nyuma ya bodi, wewe ukaliondoa bila kuweka kitu, sasa gari limebonyea katikati na milango imepoteza nafasi yake. Unabisha? Tia jeki chini ya kizingiti, katikati ya mlango wa mbele na wa nyuma, inua polepole, halafu usukume huo mlango mkaidi. Utafungika kama wa kabati. Akili ya kuvua kitasa cha friji ulikuwa nayo, ya kuinama ukatazama chini ya gari ukaikosa.

Likiwa limeinuliwa hivyo, milango yote imefungwa, fundi achomelee mabomba mazito ya chuma chini ya vizingiti pande zote mbili, na mengine yakatize sakafu kona hadi kona. Kazi hiyo ilitakiwa kabla ya msumeno. Rangi ya waridi ingengoja.

Najua unampenda binti yako, ndiyo maana ahadi inakuuma. Basi panda kivuko uende Regla, gari liache nyumbani, umwombe radhi yeye kwanza, kisha mama yake. Kazi ikiisha, mpe Marbelis usukani, wewe kaa nyuma, ubavuni mwa mlango ule ule, bila kamba, akate kona ya Malecón kwa mwendo atakaoutaka yeye. Ukifika ukiwa bado ndani, hapo ndipo uulize habari za kumpandisha mtoto.