Chipu Niliyoilaza Siku ya Bamvua

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Naandika kwa sababu hili nilishindwa kukuambia usoni ulipokuwa hai.

Unakumbuka siku niliporudi kutoka chuoni na kile kiboksi cha plastiki? Ulikipokea kwa mikono miwili, kama mtu anayepewa mtoto mchanga. Nikakueleza kwamba ndani mna kihisi cha kupima kina cha maji, na chipu ambayo saketi zake hupangwa upya hata baada ya kutoka kiwandani, hivyo unaweza kuibadilishia kazi bila kununua nyingine. Maji yakikaribia ukingo wa tuta la mashamba ya chumvi, simu yako ingelia. Ukacheka. "Basi miguu yangu imepata msaidizi."

Miaka yote ya usimamizi wako pale, kila bamvua, bahari inapojaa kupita kawaida, ulilizunguka tuta kwa miguu, jembe begani. Mimi nikakuambia upumzike.

Ila kule chuoni tulikuwa tunashindana kiboksi cha nani kitadumu zaidi kwa betri moja, nami nilizitaka sifa. Nikaipanga chipu ilale yote, iamke saa kumi na mbili asubuhi na saa kumi na mbili jioni tu. Ukaniuliza, "Na bamvua je, mwanangu? Maji yanajaa alasiri." Nikakujibu kwa kiburi cha msomi, "Haya mambo ya kitaalamu, Baba, niachie mimi." Ukaniachia.

Bamvua lilijaa saa kumi alasiri. Wewe uko nyumbani Dunda, simu mfukoni, kimya. Maji yakapasua tuta, na chumvi iliyobakiza siku mbili tu kukwanguliwa ikayeyuka yote. Tajiri, mwenye mashamba, alikuja amefura kwa hasira. Nilikuwa nyuma yako, kiboksi nimekificha ndani ya khanga. Kabla sijafungua mdomo ukasema, "Kosa langu, tajiri. Nilipitiwa na usingizi."

Nami nikanyamaza. Ukanyang'anywa usimamizi, ukarudi kukwangua chumvi kama kibarua aliyeanza jana, mpaka ulipofariki. Naona aibu hata kuyaandika haya.

Mwezi uliopita niliipanga upya chipu ile ile. Sasa kipande chake kidogo kiko macho muda wote, kinayaangalia maji. Sehemu iliyobaki inalala mpaka kipande hicho kiiamshe. Betri inakwisha mapema kidogo, basi. Ilikuwa kazi ya siku moja, Baba. Watu wananipongeza, na kila pongezi nikiisikia natamani ardhi inimeze.

Juzi nilikwenda mashambani. Nikawakuta wenzako wanakunywa kahawa, na tajiri yupo. Nikawaambia yote: Baba hakulala, kosa lilikuwa langu. Nilidhani watashtuka. Mzee Shomari, rafiki yako, akaendelea kumimina kahawa.

"Sisi wenzake tunajua, binti," akasema. "Siku ile alikuwa nami barazani kwake, hata kope hakufumba. Alituomba tusiseme neno. Alisema, 'Mwanangu atakuja kusema mwenyewe.' Kila Ijumaa akitoka msikitini alikuwa ananiuliza, 'Hajafika?'"

Nimefika, Baba. Nisamehe kwa Ijumaa zote ulizouliza.

Mungu akurehemu.

Ni mimi, binti yako uliyemngoja.