Chungu Alichokivunja Baba

Jumapili, 8 Juni

Kanisani tena. Baridi ya kukata masikio. Mzee Lomayani kakaa upande wake, mimi wangu, kama tangu utotoni. Mahubiri marefu. Nilisinzia mpaka mke wa mwinjilisti akakohoa.

Mchana Ndeshi, mjukuu wangu, kasema anaolewa. Na nani? Na mjukuu wa Lomayani. Chai ikanipalia. Baba yangu aligombana na baba yake Lomayani kwa maji ya mfereji, akavunja chungu mpakani na kuapiza: wa damu yangu au yao atakayekula sinia moja na ukoo wa pili, afe asione kahawa ikiiva. Tangu hapo hatujala nao hata wali wa msibani.

Jumatatu, 9 Juni

Wazee wa ukoo wamekaa. Dawa ya chungu ni moja: mkubwa wa huku na mkubwa wa kule wale kondoo mmoja, sinia moja. Jumatano asubuhi, shamba la juu. Mkubwa wa huku ni mimi, wa kule Lomayani. Yaani dawa ndiyo sumu yenyewe. Aliyetunga sheria hii lazima alikuwa kitinda mimba.

Tusipokula, harusi hakuna. Ndeshi kaniangalia. Mimi nikaangalia kuku.

Jumanne, 10 Juni



Ndeshi anafundisha sekondari kule Themi. Wanafunzi wake wanaigiza michezo ya Wagiriki wa kale. Kanisimulia jioni, na najua kwa nini. Mfalme anaaguliwa mabaya yatakayompata. Anakimbia. Njia anayokimbilia ndiyo inayomfikisha hapohapo. Nikauliza, sasa kosa lake nini, kama yalishapangwa? Kasema wasomi wanabishana mpaka leo: ni kupangiwa, au ni miguu yake mwenyewe? Pembeni linasimama kundi la wazee. Wanaona kila kitu, wanaimba, wanalia, hawafanyi lolote. Nikamwambia hao nawajua, ni kamati ya ukoo.

Akacheka. Mimi sikucheka. Chungu sikiamini. Ila nakiogopa.

Jumatano, 11 Juni

Nimetoroka. Koti la mvua, kofia mpaka machoni, moja kwa moja mnadani Kisongo. Kati ya Wamasai na ng'ombe wao nani ataniona?

Njaa ikanishika. Kwa mchoma nyama benchi moja tu, na juu yake mtu kajikunyata ndani ya blanketi. Kageuka. Lomayani. Naye katoroka, mzee mzima na mvi zake.

Mchomaji alikuwa na kondoo tu. Kadhani tumekuja pamoja, akatukatia kwenye sinia moja. Tukaitazama. Mafuta yakaanza kuganda. Ningeweza kuinuka. Miguu ilikuwa yangu, hakuna aliyenishika. Simu ikalia. Ndeshi, yuko shamba la juu, sauti imekauka kwa kulia.

"Shikamoo babu. Uko wapi? Wanasema harusi haipo."

Lomayani ananitazama. Nikachukua ubavu, nikatafuna, simu bado sikioni. Naye akachukua wake.

"Niko na mkwe," nikamwambia. "Tunakula."

Alhamisi, 12 Juni

Nimeamka. Nimejikagua kila mahali. Nipo.

Kamati imenuna kwa sababu haikuonja. Lakini wamekubali, kondoo ni kondoo. Harusi ipo.

Lomayani kapiga simu kuuliza kama niko hai. Sikupokea. Acha ahangaike kidogo.

Jumapili, 15 Juni

Lomayani kahamia upande wangu kanisani. Ananuka ugoro.

Hofu haijaisha. Kahawa bado kijani, na kuiva kwake ni mbali. Mchana nikapanda shamba la juu peke yangu. Ukungu. Nikapekua mti kwa mti. Kwenye mti wa mwisho, pale mferejini, punje moja imeanza wekundu, upande mmoja tu.

Nimeiona. Sikungoja iive yote. Nikaichuma mwenyewe, nikaifyonza.

Tamu kidogo.